Miguu Isizeeke Kabla Yetu



Hivi karibuni, baada ya ibada, tulipima shinikizo la damu kwa akina mama wa umoja wetu hapa Turwa, kisha tukasema machache juu ya mazoezi. Bibi mmoja akasimama akatuuliza, "Wanangu, tangu usichana nimelima, nimeteka maji, nimebeba kuni. Leo mnataka nicheze kama mtoto wa shule?" Kanisa lote likacheka, nasi tukacheka. Lakini swali lake tulikwenda nalo nyumbani.

Kwa kweli bibi huyo amefanya mazoezi maisha yake yote bila kuyaita hivyo. Wenye shida ni sisi tunaomfuata. Unga unasagwa mashineni, na kwenda sokoni Tarime tunapanda bodaboda hata pale tulipozoea kutembea tukizungumza. Hatulalamiki, maana nani anataka kurudi kwenye jiwe la kusagia? Ila kazi ya mwili imepungua, na sahani haikupungua. Uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba karibu mtu 1 kati ya 4 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 alikuwa na shinikizo la juu la damu.

Tena hedhi ikikoma, mifupa yetu hudhoofika upesi kuliko ya waume zetu, na misuli isiyotumiwa husinyaa. Mama mmoja tunayemfahamu alikatazwa na wanawe kushika hata ufagio. Walifanya hivyo kwa upendo. Akakaa kitini miaka 3, kisha siku moja akateleza uani na kuvunjika nyonga. Sakafu ilikuwa na maji, ndiyo, lakini sisi tunaamini kiti kile kilichangia. Wapendwa, tusiwaheshimu wazazi wetu kwa namna hiyo!

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa juma. Nusu saa kwa siku 5 yatosha kuanzia. Wastani maana yake nini? Unaweza kuongea na mwenzako, lakini wimbo wa kwaya unakushinda. Waliofikisha miaka 65 waongeze mazoezi ya kujisawazisha, angalau siku 3 kwa juma: simama kwa mguu mmoja karibu na ukuta, au inuka kitini bila kujisukuma kwa mikono. Jaribu leo jioni. Sisi wauguzi tulijaribu, na mmoja wetu alishindwa mara ya 4!

Huenda mnakumbuka kwamba Desemba 2016 Mama Samia Suluhu Hassan, akiwa Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi. Ni mwanzo mzuri, ingawa siku moja kwa mwezi haitoshi.

Anayetumia dawa za shinikizo au kisukari asiziache kwa sababu ameanza kutembea; amwone kwanza mganga wake. Ukisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu, simama, kaa chini, na upelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.