Friji ya Garini Ilinirudisha Darasani

Wahenga walinena kuwa elimu ni bahari. Mimi, licha ya shahada zangu tatu, nilikumbushwa majuzi kwamba bado ninacheza ufuoni. Aliyenikumbusha si profesa, bali ni fundi wa umeme wa magari mjini Voi, na kitabu chake kilikuwa friji ndogo iliyokataa kufanya baridi.

Nilikuwa nikiwapeleka wanafunzi wanne Vanga na Wasini kukusanya maneno ya lahaja ya Kivumba. Rafiki yangu alikuwa ametuazima gari lake la safari, lile lenye vitanda, jiko na friji ndani. Mmoja wa wanafunzi hao ana ugonjwa wa kisukari, naye alibeba akiba yake ya insulini ya mwezi mzima. Dawa hiyo, kabla ya kufunguliwa, hutakiwa kuhifadhiwa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Nilimhakikishia mama yake kwamba asiwe na shaka, kwa kuwa gari likienda umeme upo.

Kumbe umeme kuwapo ni jambo moja, na kufika unakotakiwa ni jingine! Mtito Andei tulipumzika kwa muda wa saa mbili, injini imezimwa na friji imeachwa ikila betri. Tulipotaka kuondoka, gari likagoma, tukalisukuma mbele ya hadhara. Tulipofika Voi, kipimajoto ndani ya friji kilionyesha nyuzi 19. Msichana yule hakusema neno. Aliitazama tu pakiti ya dawa, nami nikaona haya.

Mfamasia mmoja alitutuliza kwamba saa chache za joto hilo haziiharibu dawa, ila wiki kadhaa za joto la Pwani ni hatari. Tulinunua barafu, tukaitia katika chombo, na dawa tukaifunga kwa taulo isigusane nayo, kwani insulini ikiganda imeharibika. Kisha tukamtafuta fundi.

"Mwalimu," akaniambia baada ya kuchungulia nyuma ya friji, "mashine hii ina njaa. Moto unaoletewa unachoka njiani."

Moto, katika lugha ya mafundi, ndio umeme. Alinieleza kwamba friji ya aina hiyo haina mota. Hufanya baridi kwa kuchemsha mchanganyiko wa maji na amonia, mtindo uliobuniwa mwaka wa 1922 na vijana wawili wa Sweden waliokuwa bado wanafunzi, Baltzar von Platen na Carl Munters. Gari likiegeshwa, gesi yaweza kutoa joto hilo. Gari likienda, mwali wa gesi ni hatari, hasa kwenye vituo vya petroli, na hapo sharti friji itegemee umeme wa gari wenyewe.

Hesabu yake ni ya shule ya upili. Injini ikinguruma, alteneta hutoa takriban volti 14. Friji yetu ilihitaji ampea 10 hivi. Waya ulikuwa mwembamba, milimita 1 ya mraba, tena wenye urefu wa mita 6 kwenda na 6 kurudi. Ukinzani wake ni kama omu 0.2, na kwa hiyo volti 2 zilipotelea njiani. Wasomaji watasema kuwa 2 si kitu. La hasha! Nguvu ya joto hufuata mraba wa volteji, hivyo friji ilikuwa imenyimwa zaidi ya robo ya chakula chake.

Fundi alitandaza waya wa milimita 6 za mraba, ambao hupoteza kama theluthi moja tu ya volti. Karibu na betri aliweka fyuzi, ili waya ukichubuka usizue moto, moto wa kweli. Mwisho akafunga rilei, yaani swichi inayojiendesha, ambayo huunganisha friji pale tu alteneta inapochaji. Injini ikizimwa, betri husalimika. Usiku ule Mombasa tuliiwasha friji kwa gesi, gari limeegeshwa penye hewa ya kutosha. Alfajiri kipimajoto kilisoma nyuzi 6.

Lililonisumbua tangu siku hiyo ni hili. Wanafunzi wangu wote walisoma fizikia. Mmoja wao aliweza kuikariri kanuni ya Ohm kwa Kiingereza bila kukosea herufi. Hata hivyo, hakuna aliyefikiria kuutazama waya, na mimi nilikuwa wa mwisho. Fundi, aliyeniambia kuwa aliishia darasa la nane, alieleza yote kwa Kiswahili hata dereva wetu akaelewa.

Wapo watakaosema kwamba mtihani huandikwa kwa Kiingereza. Ni kweli, wala sitaki Kiingereza kifukuzwe. Lakini katiba yetu ya mwaka wa 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi, na shule za msingi za serikali nchini Tanzania hufundisha sayansi kwa lugha hii hii. Maneno mkondo, volteji na ukinzani yamo kamusini, yanangoja kutumiwa.

Nawasihi walimu wenzangu wa fizikia: kabla mwanafunzi hajaandika kanuni, na asimulie kwa Kiswahili njia ya umeme kutoka betri hadi friji, na aonyeshe unapochoka. Mwalikeni fundi wa mtaani darasani walau mara moja kwa muhula. Nanyi walimu wa Kiswahili, punguzeni insha za jua la utosi. Mwambieni mwanafunzi aeleze jinsi kifaa kimoja kinavyofanya kazi. Mwanafunzi asiyeweza kulieleza jambo kwa lugha anayoizungumza hajalijua, hata akipata alama ya A.

Mama wa yule msichana nilimpigia simu kutoka Vanga. Nilimwambia dawa iko salama, kisha nikamweleza ukweli wote, na waya wenyewe.