Popo abaki mwembeni, kuku alale bandani

Msomaji mmoja wa Kilindoni, mama wa watoto watatu, ameniletea ujumbe mrefu kuhusu uwanja wake. Nyuma ya nyumba ana mwembe mkubwa, minazi minne na mkorosho. Maembe yakiiva, popo wanajaa usiku kucha, wanakula nusu na kuangusha nusu, na asubuhi kuku wake kumi na mmoja wanagombania makombo. Jirani amemwambia popo hao ndio wenye Marburg, akate mwembe kabla hajazika mtu. Mumewe anaona heri wauze kuku. Yeye anauliza afanye lipi, maana mwembe ulipandwa na bibi yake, na kuku ndio wanaonunua madaftari ya mwanawe wa darasa la nne.

Mama yangu, usikate mwembe na usiuze kuku. Ila kuna jambo umelitaja mwishoni mwa ujumbe, kama kwa kupita tu, ambalo limenisumbua kuliko popo wote wa Mafia. Nitalifikia.

Tuanze na popo kwa kuwa hofu imeanzia kwao. Ni kweli Tanzania imepata Marburg mara mbili, zote mkoani Kagera: Machi 2023 upande wa Bukoba na Januari 2025 wilayani Biharamulo. Ni kweli pia kwamba virusi vyake hukaa kwa popo. Lakini popo anayejulikana kuvihifadhi ni yule anayeishi kwa maelfu ndani ya mapango na mashimo ya migodi. Ndiyo maana baadhi ya milipuko ya Kongo na Uganda ilianzia kwa wachimbaji wa madini.

Wale wakubwa wa Mafia, wanaoning'inia mchana kutwa kwenye miti ya Chole mithili ya nguo nyeusi zilizoanikwa, ni ukoo mwingine. Ndugu zao wako Komoro, Shelisheli, Madagaska, Pemba na visiwa vya Asia. Bara la Afrika hawapo kabisa. Ukipanda boti Kilindoni kwenda Nyamisati, umeshawaacha nyuma.

Kazi yao hatuioni kwa sababu wanaifanya tukiwa tumelala. Ua la mbuyu hufunguka jioni, na popo wa matunda ndio wanaobeba chavua yake kutoka mti hadi mti. Mbegu za matunda wanayokula huziangusha mbali na mti mama, nazo huota. Wapemba walikaribia kuwamaliza popo wao: mwishoni mwa miaka ya 1980 walihesabika kwa mamia tu, wengine wakiwa wamepigwa kwa ajili ya kitoweo. Vijiji vilipoanza kuwalinda, Kidike kikiwa mfano unaojulikana zaidi, wakarudi kwa maelfu na leo wageni wanalipa kiingilio kwenda kuwatazama.

Sisemi kwamba popo ni wasafi kama sahani. Mwaka 1998 na 1999 huko Malaysia ulizuka ugonjwa mpya ulioitwa Nipah. Wafugaji walikuwa wamepanda miembe na miti mingine ya matunda pembeni mwa mabanda ya nguruwe. Popo wa ukoo huohuo wa Chole wakala, makombo yenye mate yakaanguka bandani, nguruwe wakayala wakaugua, kisha watu wakaugua kutoka kwa nguruwe. Zaidi ya watu 100 walikufa na nguruwe zaidi ya milioni moja wakateketezwa. Bangladesh ugonjwa huo umefika kwa njia nyingine: watu hunywa utomvu mbichi wa mtende uliokingwa usiku, na popo nao huutembelea mtungi. Huko wamejifunza kuufunika kwa vizuizi vya mianzi.

Afrika Mashariki hakuna mtu aliyewahi kuripotiwa kuugua Nipah, na kuku hawajulikani kuwa njia yake. Nimekieleza kisa cha Malaysia kwa sababu kinaonyesha kosa lilikuwa wapi: mifugo iliwekwa chini ya meza ya popo. Kwa hiyo katika uwanja wa msomaji wetu, matawi yanayofunika sehemu wanaposhinda kuku yapunguzwe, mti ubaki. Asubuhi makombo yaokotwe kabla kuku hawajafunguliwa, yafukiwe kwenye shimo la mboji. Embe lenye alama za meno asipewe mtoto, hata kama upande wa pili unaonekana mzima. Lililo zima lioshwe, limenywe. Na mgema, ambaye tangu zamani tunamshuku kwa kutia maji, afunike kibuyu chake akikiacha mnazini usiku.

Mtoto akiokota popo aliyeanguka, asimshike kwa mkono mtupu. Aking'atwa au kukwaruzwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo bila kusubiri kuona dalili. Popo ni miongoni mwa wanyama wanaoweza kubeba virusi vya jamii ya kichaa cha mbwa, na dalili zikishaanza tiba haipo.

Sasa lile la mwishoni mwa ujumbe. Ameandika: "Kuku usiku nawalaza ndani, chumba cha watoto, sababu ya kenge na wezi."

Hapo ndipo penye hatari ya kila siku. Haina jina la kutisha kama Marburg na haitangazwi redioni, lakini mtoto anayejifunza kutambaa anakutana nayo kila asubuhi. Sakafu waliyolala kuku ina kinyesi hata ikifagiliwa. Mtoto anaweka kiganja chini, kiganja kinaenda mdomoni, anaokota kitu na kukionja. Ndivyo watoto walivyo. Kinyesi cha kuku hubeba bakteria kama salmonela na kampilobakta, na kuku mwenyewe anaweza asionyeshe dalili yoyote. Wakati mwingine mtoto anaharisha, mama anajua kuna shida. Wakati mwingine haharishi, ila utumbo unabaki na uvimbe mdogo wa kudumu unaopunguza uwezo wake wa kufyonza chakula. Anakula vizuri, kadi ya kliniki inaonyesha uzito haupandi, na bibi anasema katupiwa jicho.

Mwaka 2016 watafiti walichapisha uchambuzi wa kaya za vijijini Ethiopia. Watoto wa kaya zenye kuku kwa ujumla walikuwa warefu zaidi kwa umri wao kuliko wa kaya zisizo na kuku. Lakini pale ambapo kuku walilazwa ndani ya nyumba ya watu, hali iligeuka: watoto walikuwa wafupi zaidi. Utafiti wa kulinganisha kaya namna hii hauwezi peke yake kuthibitisha chanzo, ila unalingana na tunachokijua kuhusu kinyesi na utumbo. Mimi unanitosha kumwambia mama yeyote ahamishe kuku usiku huu. Bado sijataja utitiri, ambao wakikosa kuku wa kumuuma humgeukia aliyelala jirani.

Najua kwa nini kuku wanalala ndani. Kenge akipata tundu hamalizi mayai tu, anabeba na vifaranga. Nyoka naye anaingia penye panya na vifaranga. Mwizi yeye ana miguu miwili na anajua saa unayolala. Kumwambia mtu awatoe kuku nje bila kumwambia awaweke wapi ni kumdhihaki.

Basi banda. Lisiwe kubwa, kwa kuku kumi na mmoja, upana wa kitanda cha watu wawili unatosha kabisa kwa kulala. Liinuliwe juu ya nguzo, kimo cha kiuno. Sakafu iwe ya fito au mbao zilizoachana kidogo ili kinyesi kianguke chini, kikusanywe na kupelekwa kwenye mboji, mbali na kisima. Kuta ziwe na wavu wa matundu madogo kwa ajili ya hewa. Wavu mpana unapitisha kichwa cha nyoka. Kila nguzo izungushiwe kipande cha bati laini, upana wa mkono mmoja, juu kidogo ya ardhi: panya na kenge wanakwama hapo. Tawi lolote linalogusa paa likatwe, vinginevyo bati la nguzoni halina maana. Kwa paa, makuti yapo tele. Kwa nguzo tumia mbao za mnazi uliozeeka, usikate mikoko. Mikoko inalindwa na sheria, na sehemu kubwa ya maji ya kusini mwa kisiwa imo ndani ya Hifadhi ya Bahari tangu 1995. Kuhusu mwizi, banda liwe karibu na dirisha la chumba cha wakubwa na lifungwe kwa kufuli. Kuku wakizoea watapanda wenyewe jua likizama. Kazi yako ni kufunga mlango.

Kuna njia ya mkato ambayo watu huitumia: kutia sumu kwenye yai au dagaa na kumtegea kenge. Naomba isitumike. Sumu haichagui. Anaila paka, anaila kuku wa jirani, na nimewahi kusimama wodini pembeni mwa mtoto aliyeokota chambo cha namna hiyo. Sumu ya panya nayo humpata bundi anayekula panya aliyeinywa, na bundi, pamoja na uvumi wote tunaomtwika, ndiye mlinzi wa bure wa mahindi na vifaranga. Mwache alie. Analilia panya.

Kuhusu magonjwa ya kuku wenyewe, adui mkubwa bado ni mdondo, wengine huita kideri. Unaweza kulala na kuku kumi na mmoja na wiki ikaisha una wawili. Chanjo ya I-2 inatengenezwa hapahapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari. Inavumilia joto kuliko chanjo za zamani, jambo lenye maana kwa kisiwa ambacho dawa hufika kwa boti, ingawa bado inapaswa kuwekwa mahali pa baridi na pasipo jua. Ni tone moja kwenye jicho moja, kwa kuku mzima na kifaranga sawa, kila baada ya miezi mitatu. Kichupa kimoja kina dozi nyingi mno kwa kaya moja, kwa hiyo majirani wachangiane na wachanje siku moja. Huyo jirani wa Marburg naye aalikwe. Chanja kuku wazima tu. Aliyeanza kuugua hasaidiki tena.

Maji ya ndege ni raha ya uwanja. Sahani ya udongo kivulini inaleta chozi, tetere na shore, na watoto wanajifunza majina ambayo shule haifundishi. Yabadilishwe kila siku, na chombo kisuguliwe. Maji yakikaa zaidi ya wiki yanatoa mbu. Mbu wa dengi, ugonjwa uliotusumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, anaridhika na maji ya kijiko, na Mafia hakuna uwanja usio na vifuu. Vifuu vigeuzwe vifudifudi au vichomwe. Yule wa matende na mabusha anapenda maji machafu, kwa hiyo shimo la choo nalo lifunikwe.

Ila maji ya ndege wa porini na maji ya kuku yawe mbali. Miezi ileile watalii wanapokuja kuogelea na papa potwe, fukwe zetu hupokea ndege wa majini wanaotoka kaskazini ya mbali. Januari 2017 ndege pori walikufa kando ya Ziwa Viktoria upande wa Uganda, ikathibitika ni mafua ya ndege, na kuku wa kufugwa nao wakaambukizwa. Kuku wasipelekwe kutafuta chakula ufukweni, na ndege aliyekufa asishikwe.

Nimalizie na mayai, maana mama huyu anauza yote. Ecuador, katika utafiti uliochapishwa 2017, watoto wa miezi 6 hadi 9 walipewa yai moja kila siku kwa miezi sita, na udumavu ukapungua karibu nusu. Uliporudiwa Malawi kando ya ziwa, matokeo ya 2019 hayakuonyesha tofauti hiyo ya kimo. Moja ya sababu zilizotajwa ni kwamba watoto wa huko tayari walikuwa wakila samaki. Mafia inafanana zaidi na Malawi hiyo. Kwa hiyo siku ambayo mdogo wako amekula dagaa au changu, uza yai bila kujilaumu. Siku za pepo kali, ngalawa zikishindwa kutoka, yai ni lake. Lichemshwe hadi kiini kigande.

Na kuku wakianza kufa wawili watatu kwa mpigo, wasichinjwe harakaharaka na kupelekwa sokoni kabla hawajafa wote. Wafukiwe kwenye shimo refu, walio hai wafungiwe, na ofisa mifugo apigiwe siku hiyohiyo.