Safari ya Turkana Yataka Matayarisho

Barabara ipitayo Misikhu haikomei Kitale. Mtu wa Pwani aliyefika Misikhu kwa kazi, biashara au undugu huyaona malori yakielekea kaskazini, na pengine hajui kuwa njia hiyo hiyo hupanda hadi Kapenguria, ikateremka Marich, ikapita Kainuk na Lokichar, ikaingia Lodwar. Kutoka Kitale hadi Lodwar ni kiasi cha kilomita 300, na mbele yake liko ziwa Turkana. Ni safari inayofaa kufanywa na kila awezaye. Lakini si safari ya kukurupuka.

Kwanza tuiondoe dhana mbovu. Wako miongoni mwetu wadhanio kuwa kule ni nyika tupu, hakuna watu wala habari. Dhana hii haitupasi sisi hasa. Msafara wa Teleki wa Hungary na mwenzake von Höhnel, uliofika ziwani mwaka 1888, ulianzia Pangani mwaka 1887 ukiwa na mamia ya wapagazi, wengi wao watu wa Pwani na Unguja. Katika viongozi wa njia alikuwamo Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe. Wageni wale wakaliita ziwa Rudolf, kwa jina la mwana wa mfalme wao, na jina hilo likadumu hata mwaka 1975. Vitabuni wakaandikwa kuwa ndio waliolivumbua. Wapagazi wetu wakasahauliwa, na Waturkana wenyewe, wenye ziwa, wakasahauliwa zaidi. Je, nasi tuwasahau?

Njiani yako mengi ya kumfunza mtoto. Kapenguria ndipo kesi ya Mzee Kenyatta na wenzake watano iliposikizwa, mwaka 1952 hadi 1953. Lodwar ndipo alipowekwa kizuizini mwaka 1959, baada ya kifungo cha Lokitaung. Na huko Nariokotome, magharibi ya ziwa, Mkenya Kamoya Kimeu aligundua mwaka 1984 mabaki ya kijana aliyeishi kiasi cha miaka milioni moja na nusu iliyopita.

Sasa matayarisho. Maji ndiyo ya kwanza. Mchana joto la Lodwar hupita digrii 35 mara kwa mara, basi usihesabu maji ya kunywa tu. Hesabu na ya gari, na ya akiba. Wenye safari wajikumbushe pia masharti ya kutayamamu na kupunguza sala, wasije wakaulizana njiani. Tende, mikate mikavu na vyakula vya kukaa vitawaondolea wasiwasi wa nyama wasiyoijua ilivyochinjwa. Gari lichunguzwe Kitale, na gurudumu la akiba lisiwe moja tu.

Pili, mito mikavu. Mchanga uuonao mweupe asubuhi waweza kujaa maji jioni, kwa mvua iliyonyesha milimani mbali na macho yako. Maji yakipita, ngoja yapungue. Tatu, hali ya usalama, hasa sehemu za Kainuk, hubadilika. Ulizeni polisi na madereva wa njia hiyo siku ile ile ya kuondoka, wala msisafiri usiku. Kuuliza si ujinga. Nne, ziwani pepo ni kali na huzuka ghafla. Sisi wana wa bahari tusijidai; mvuvi wa Kalokol akisema leo hakuendeki kisiwani, basi hakuendeki.

La mwisho ni adabu. Hatungependa mgeni aingie Mji wa Kale wa Mombasa akawapige picha mama zetu vibarazani bila ya hodi. Basi Mturkana naye aombwe ruhusa, asalimiwe, na bidhaa yake inunuliwe kwa bei ya haki. Maji ya kisima chake yasiogewe kana kwamba ni bomba la mjini. Yale ni uhai wa watoto na mifugo.

Wahenga walisema msafiri maskini ajapokuwa sultani. Mwenye gari zuri na fedha mfukoni, akikwama kwenye mchanga wa Turkana, atamtegemea mchungaji apitaye na mbuzi wake. Amheshimu tangu hajakwama.