Safari na Mazingatio: Ngoma ya Kinu Katika Mchanga wa Essakane

Wasomaji wetu wametuandikia mara nyingi wakitaka tueleze, katika ukurasa huu, yale tuliyoyaona huko Mali katika tamasha la sanaa lililokuwa likifanywa jangwani. Wapo walioandika kwa shauku, na wapo walioandika kwa kukemea, wakauliza: Muislamu ana haja gani ya kusafiri mpaka Sahara kwenda kutazama ngoma? Leo twawajibu wote pamoja, na atakayebaki na neno na atuandikie tena.

Kwanza yafaa ijulikane tamasha lile lilikuwa ni nini. Watuareg, ambao wenyewe hujiita Kel Tamasheq, maana yake watu wa lugha ya Kitamasheq, wana desturi ya tangu zamani ya kukutana baada ya miezi ya kutawanyika na mifugo yao. Hapo jamaa huonana, posa huletwa, magomvi husuluhishwa, na watu hushindana kwa ngamia na kwa mashairi. Mwaka 2001 mkutano wa namna hiyo ulifunguliwa kwa wageni pia, huko Tin Essako katika jimbo la Kidal. Mwaka 2002 ukafanywa Tessalit. Na kuanzia 2003 mpaka 2009 ukawa Essakane, kiasi cha kilomita 65 magharibi ya Timbuktu. Aliyeuongoza ni Bwana Manny Ansar, mwenyeji wa nchi hiyo. Wala haukuwa mchezo mtupu. Katika miaka ya 1990 palikuwa na vita baina ya Watuareg na serikali ya Mali, na amani yake ilitiwa muhuri tarehe 27 Machi 1996, siku ambayo silaha kiasi cha 3,000 zilichomwa moto hadharani mjini Timbuktu. Watu waliochoka kuzikana walitaka pahala pa kukaa pamoja, Mtuareg na Msonghai, Mfulani, Mwarabu na Mbambara.

Sisi tulifika Januari 2008, mwezi wa Muharram 1429 ukiwa ndio kwanza umeandama. Gari lilitoka Timbuktu likatembea saa kadhaa, na kila lilipozama tulishuka sote tukasukuma, wazee kwa vijana. Mchanga wa Essakane ni mweupe kama chumvi, na mchana humeremeta hata macho yakauma. Ama usiku, anayedhani kuwa jangwa ni joto tu na aende akalale huko mwezi wa Januari! Tulivaa kanzu juu ya kanzu, tukajifunika mablanketi, na meno bado yakagongana.

Ya jukwaani hatutayaeleza sana. Palikuwa na mashine za umeme, magitaa na taa kali, na wageni wengi kutoka Ulaya wakipiga picha. Katika miaka ile walipanda jukwaa hilo watu mashuhuri, kama Ali Farka Touré wa Niafunké, aliyefariki mwaka 2006, na kundi la Tinariwen, ambao baadhi yao walishika bunduki katika vita vile tulivyovitaja. Lakini yaliyotukaa moyoni tuliyaona mchana, mbali na jukwaa.

Mama mmoja wa makamo alitoka hemani na kinu. Tulidhani anakwenda kutwanga mtama. Kumbe alikitandika ngozi ya mbuzi iliyoloweshwa maji, akaikaza kwa kamba, kisha mitwangio miwili ikafungwa ubavuni huku na huku, na wanawake wawili wakakaa juu ya mitwangio hiyo ili kwa uzito wao ngozi ivutike. Basi kinu kikawa ngoma. Wenyewe huiita tende. Mama yule alipiga kwa viganja, wanawake wakaitikia na kupiga makofi, na wanaume waliopanda ngamia wakawazunguka polepole, duara baada ya duara, ngamia wakiinua miguu kana kwamba wanasikia mapigo. Wanaume ndio waliofunika nyuso kwa vilemba vyao vya nili. Wanawake nyuso zao zilikuwa wazi. Ngoma ilipokwisha, kamba zikafunguliwa, ngozi ikaanikwa, na jioni ile ile tulikisikia kinu kikitwanga chakula cha watoto.

Alfajiri mzee mmoja aliadhini juu ya kilima cha mchanga, bila ya kipaza sauti. Watu walitayamamu kwa mchanga ule ule, na safu zikapangwa: wapiga magitaa, wenye ngamia, madereva, nasi wageni. Mumewe mama wa kinu alikuwa safu ya mbele.

Baada ya sala tulikaribishwa chai, nayo huko hunywewa bilauri tatu, ya kwanza chungu na ya mwisho tamu, na si adabu kuondoka kabla ya ile ya tatu. Kijana mmoja katika wenzetu hakuweza kujizuia. Akamwuliza mzee kwa Kiarabu cha madrasa: "Sheikh wangu, ngoma hii mwaihalalisha kwa dalili gani?" Tuliona haya, lakini mzee hakukasirika. Alijibu kwamba katika mji wake wanavyuoni wamebishana juu ya jambo hilo karne nyingi, wakibishana kwa kalamu, na vitabu vyao vimo masandukuni mpaka leo. "Nawe ukiwa na hoja," akasema, "iandike, mwanangu, tuitie humo." Sisi hatutoi fatwa katika ukurasa huu, na pwani kwetu twajua namna tulivyogombana wenyewe kwa wenyewe juu ya matari ya maulidi. Lakini jibu lile tumelikumbuka sana kwa yaliyotokea baadaye.

Kwa sababu ya khofu ya usalama, tamasha lilihamishiwa ukingoni mwa mji wa Timbuktu mwaka 2010. La mwisho lilikuwa Januari 2012. Siku chache baadaye, tarehe 17, vita vilianza upya huko Ménaka. Mwezi wa Aprili Timbuktu ikaanguka, na mara wenye bunduki wakatawala kwa jina la dini. Muziki ukapigwa marufuku. Makaburi ya mawalii yakavunjwa kwa majembe, katika mji ambao msikiti wake wa Djinguereber ulijengwa karne ya 14, zama za Mansa Musa! Watu hawa ndio waliokuja kuwafundisha Uislamu watu wa Timbuktu. Vile vitabu vya masandukuni, maelfu kwa maelfu, viliokolewa kwa siri na wenyeji wakiongozwa na Bwana Abdel Kader Haidara, vikapelekwa Bamako kwa magari na kwa mashua. Mji ulikombolewa Januari 2013, lakini tamasha halikurudi Essakane.

Familia iliyotukaribisha chai ilikimbilia kambi ya Mbera, nchini Mauritania, pamoja na maelfu ya wenzao. Mtoto wao mkubwa ndiye aliyetupatia khabari kwa barua. Mzee aliyeadhini alikufa njiani, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mama yu hai. Tulipouliza juu ya kinu, alijibu kuwa kilibaki nyuma, kwani gari lililowachukua lilijaa watoto.