Likizo ya Askari na Pembe za Nchi Asizozijua

MTU asimamaye Busanza, jirani na uwanja wa ndege wa Kanombe, hahitaji kuambiwa kwamba wageni wanawasili. Ndege hushuka juu ya mabati ya nyumba zetu, mchana na usiku, zikiwa zimebeba watu waliovuka bahari ili waje kuitazama Rwanda. Kesho yake alfajiri magari yao huelekea Musanze kwa ajili ya masokwe wa milimani, au Akagera kwa ajili ya simba waliorudishwa mwaka 2015 na vifaru waliorudishwa mwaka 2017. Siku hiyo hiyo, katika kambi fulani, askari hukabidhiwa karatasi yake ya likizo. Huyo hupita nyumbani kwa wazazi siku tatu, akarejea mjini, na siku zilizosalia akazimaliza mbele ya televisheni akitazama mpira wa Uingereza.

Hatumlaumu kwa kuwatembelea wazazi. Asiyewatembelea ndiye wa kulaumiwa. Wala hatusahau kwamba mshahara una wenyewe kabla haujafika mfukoni: kuna ada ya shule, kuna kodi ya nyumba, kuna mdogo wake anayetaka kuoa. Tunalosema leo ni dogo, nalo ni hili: kila askari na kila polisi, katika kila likizo yake, atenge japo siku mbili za kwenda mahali pa nchi hii ambapo hajapata kupelekwa na amri, naye aende kama msafiri wa kawaida.

Yafaa tuseme ukweli juu ya hali yetu. Tangu mwaka 2004, vikosi vyetu vilipokwenda Darfur, na hasa tangu Julai 2021, vilipokwenda Cabo Delgado, wako vijana wa Rwanda wawezao kukueleza kona kwa kona njia itokayo Palma hadi Mocímboa da Praia. Muulize kijana huyo habari za Nyaruguru, atakuambia iko kusini. Muulize aliyesoma Gako habari za Bugesera. Ataitaja kwa jasho lake, kwa vilima alivyovipanda na mzigo mgongoni, lakini hajapata kusimama kando ya Ziwa Rweru, mahali mto Akagera unapotokea. Nchi yenye eneo la kilomita za mraba 26,338, ambayo mtu aweza kutoka Nyabugogo asubuhi akalala popote ndani yake usiku, haistahili kujulikana na walinzi wake kwa sehemu tu.

Tuchukue mfano wa Burera. Mwandishi wa mistari hii aliipita barabara ya Cyanika mara nyingi kikazi, aghalabu usiku, akiyajua madaraja na vilima vyake kwa namba za ramani. Alipokwenda huko siku moja akiwa likizoni, bila sare, aliteremka hadi ukingoni mwa ziwa, na mzee mwenye mtumbwi akakubali kumzungusha. Swali la kwanza la mzee lilikuwa, "Mwanangu, wewe ni wa nani?" Katika safari zote za kikazi hakuna mwanakijiji aliyepata kumwuliza hivyo; walimwita afande, wakajibu walichoulizwa, basi. Siku hiyo mzee alizungumza bila kuulizwa. Alieleza juu ya miaka ambayo maji yalirudi nyuma, mitumbwi ikabaki imekaa juu ya matope, na watu wakadhani ziwa linakufa.

Habari ile ilikuwa na maana kubwa kuliko msafiri alivyodhani. Ziwa Burera hupokea maji ya kinamasi cha Rugezi, nalo liko juu ya jirani yake, Ruhondo, kwa zaidi ya mita 100. Katika mteremko huo, hapo Ntaruka, kuna mitambo ya umeme iliyoanza kazi mwaka 1959. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Rugezi ilikuwa imechimbwa mifereji kwa ajili ya kilimo, na udongo wa milima ulikuwa ukiporomoka ndani yake. Kinamasi kilipopoteza uwezo wa kuhifadhi maji, kina cha Burera kilishuka, mitambo ya Ntaruka ikapungukiwa na maji, na umeme ukawa wa shida hadi mjini Kigali. Mwaka 2005 Rugezi iliingizwa katika orodha ya kimataifa ya Ramsar ya ardhi oevu. Kilimo kiliondolewa kinamasini, mafunjo yakaota tena, na leo korongo wenye taji hutembea humo kwa madaha kama wanajeshi wa gwaride.

Ni nani kati yetu aliyekuwa akiyajua hayo wakati taa zilipozimika kambini? Na polisi anayetumwa kuwazuia watu wasikate mafunjo, ambaye hajaona jinsi maji ya Rugezi yanavyofika Ntaruka, atawaambia nini zaidi ya "ni marufuku"? Mkulima aliyekatazwa shamba la kinamasini ana hasara ya kweli, na ana haki ya kupata maelezo kutoka kwa mtu anayeelewa.

Wala kusongamana kwa wasafiri mahali pamoja si jambo letu sisi peke yetu. Ujapani ilipokea wageni zaidi ya milioni 36 mwaka 2024, na walio wengi wao hufuata mkondo mmoja wa Tokyo, Kyoto na Osaka, hata wenyeji wa Kyoto wakalalamika kukosa nafasi katika mabasi yao wenyewe. Kumbe upande wa Tohoku, kaskazini-mashariki, na mikoa ya Shimane na Tottori iliyo kando ya Bahari ya Ujapani, huonwa na wachache. Hata hivyo Wajapani wana mfano wa zamani. Matsuo Bashō, ambaye ujanani alitumikia nyumba ya bwana wa kisamurai, aliondoka mwaka 1689 katika mji wa Edo, ndio Tokyo ya leo, yeye na mwenzake mmoja. Walielekea kaskazini, sehemu zilizohesabiwa siku hizo kuwa mwisho wa nchi. Safari yake ilichukua takriban miezi mitano na kilomita zipatazo 2,400, nyingi kwa miguu. Hakutumwa na mkubwa yeyote. Kitabu alichokiandika baadaye kingali kinasomwa, na wako watu wanaozifuata nyayo zake hadi hivi leo.

Sisi hatuna haja ya miezi mitano. Anayetaka kutembea kwa miguu anayo njia ya Kongo-Nile kando ya Ziwa Kivu, kutoka Rubavu hadi Rusizi, kilomita 227. Achukue kipande kimoja tu. Usiku atawasikia wavuvi wakiimba ndani ya mitumbwi yao iliyofungwa mitatu mitatu, wakienda kutafuta sambaza, samaki walioletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 na ambao leo twawala kana kwamba wamekuwapo tangu enzi za mababu. Gishwati ilikuwa karibu kwisha kwa shoka; sasa pamoja na Mukura ni hifadhi ya taifa, na tangu mwaka 2020 wageni wanapokewa. Nyungwe iliingia katika urithi wa dunia mwaka 2023. Wanyarwanda husema, "Akanyoni katagurutse ntikamenya iyo bweze": kindege kisichoruka hakijui mavuno yako wapi.

Namna ya kwenda ni muhimu kuliko mahali pa kwenda. Askari aiache sare kambini, na sauti ya amri pia. (Viatu vitamsaliti, hilo halina dawa.) Alipe nauli, alipe chakula, wala asikubali kusogezewa kiti cha mbele kwa sababu ya kazi yake. Asiulize maswali kwa mfululizo kana kwamba yuko doria. Mwenyeji akiona anahojiwa hufunga mdomo, na safari huwa imekwisha hapo. Mpaka wa nchi hauvukwi bila kibali, hata kama soko liko ng'ambo tu ya kijito.

Kwa makamanda wetu tuna ombi moja. Askari akija kuomba likizo, na akaulizwa atakuwa wapi, jibu la "naenda kuona Rugezi" lisichekwe. Liandikwe katika karatasi yake kama yanavyoandikwa majibu mengine. Kiangazi cha Juni hadi Agosti ndicho kipindi ambacho njia za Burera hazina utelezi, na mabasi ya Musanze huanza kuondoka Nyabugogo alfajiri.