Mbegu ya Mti Huanza kwa Mzazi Wake

Mkulima wa Tosamaganga apandaye mahindi ya mbegu dhaifu hulijua kosa lake kabla ya mwaka kwisha, na msimu wa pili hubadili mbegu. Apandaye msindano, au paini kama wengi waitavyo, hungoja miaka 15 na zaidi, ndipo mnunuzi wa magogo amwonyeshe mashina yaliyopinda na mbao zilizojaa mafundo. Kufikia hapo ardhi imekwisha kufungwa, na ada ya shule iliyotarajiwa humo haipo.

Kosa lenyewe huanzia siku ya kuchuma mbegu. Mti mfupi wenye matawi mengi ya chini ndio mwepesi kukwewa, basi ndio uchumwao. Ukiwa umesimama peke yake, hasara huzidi: chavua ya msindano huchukuliwa na upepo, na mti wa upweke hujichavusha wenyewe, ukazaa mbegu chache na miche myonge.

Njia ya kitaalamu ni nyingine. Huchaguliwa miti michache iliyonyooka na yenye matawi membamba. Vikonyo vyake hubebeshwa juu ya miche, nayo hupandwa pamoja mbali na misindano ya ovyo. Watoto wake hujaribiwa katika udongo na mwinuko mbalimbali, na wazazi wenye watoto wabaya hung'olewa. Uswidi na Ufini zimeifuata kazi hiyo tangu katikati ya karne ya 20.

Tanzania nayo haikukosa vyombo. Utafiti wa upandaji miti ulipata kituo Lushoto mwaka 1951. Taasisi ya Utafiti wa Misitu iliundwa kwa sheria ya mwaka 1980, nayo ina kituo Mufindi, jirani na msitu mkubwa wa kupandwa wa Sao Hill. (Mninga, mti wa miombo ya asili, umepewa juhudi ndogo mno ukilinganishwa na mgeni huyu kutoka Meksiko, hilo ni deni.) Upungufu uko kati ya kituo na bustani ya miche ya kijijini, ambako mche huuzwa bila yeyote kuuliza mbegu ilichumwa wapi.

Wasemao kuwa mbegu bora ni ghali kwa mnyonge hawajapiga hesabu. Kilo moja ya mbegu za patula ina mbegu zaidi ya 100,000. Hekta moja, kwa nafasi ya meta 3 kwa 3, huchukua miche 1,111. Hata nusu ya mbegu zikiharibika, gramu 30 zatosha hekta nzima.