Kitanzi Kilichofuta Daftari la Madrasa



Wazazi kadhaa wametuuliza namna ya kuwasaidia watoto wao walioanza kujifunza kuandika programu za kompyuta. Mtoto hukaa mbele ya kioo saa mbili au tatu, na mzazi asiyeijua kazi hiyo hawezi kutambua kama mwanawe anasoma au anacheza. Juma hili tutawajibu kwa kisa kilichotokea nyumbani kwetu. Tunakieleza kwa ridhaa ya aliyehusika, kwa kuwa kimebeba masomo mawili ambayo kila mwanafunzi huyakuta mapema: namna ya kuiamuru kompyuta irudie kazi, na namna ya kusoma na kuandika mafaili.

Binti yetu ana umri wa miaka 15. Anajifunza Python, lugha ya kompyuta iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1991 na Mholanzi Guido van Rossum, na ambayo hupatikana bila malipo. Ustadhi wa madrasa ya mtaani kwetu alikuwa na daftari la ada la karatasi, limechakaa na kuchanika pembeni. Binti akaomba ruhusa alihamishie kwenye kompyuta. Walikuwa watoto 42, na ada ilikuwa shilingi 5,000 kwa mwezi. Aliandika mstari mmoja kwa kila mtoto: jina, alama ya mkato, kisha kiasi alicholipa. Kwa majuma matatu ustadhi alimtajia malipo mapya, naye akayaingiza kwa mkono. Ustadhi aliporidhika, aliacha kabisa kuandika kwenye karatasi. Hapo ndipo tulipokosea sisi wazazi, kwani tuliona fahari na hatukuuliza swali hata moja.

Jumatano moja jioni walilipa watoto watano. Binti akaona aandike programu ya kumwongezea majina hayo matano faili lake, badala ya kuyaandika mwenyewe. Aliandika hivi:

for mtoto in waliolipa:
    with open("ada.txt", "w") as daftari:
        daftari.write(mtoto + "\n")

Programu ilikwenda bila kulalamika. Alipofungua faili, alikuta mstari mmoja tu, nao ulikuwa wa mtoto wa tano. Watoto wengine 41, pamoja na malipo yao ya majuma matatu, walikuwa hawamo tena.

Tueleze kilichotokea, maana ndilo somo lenyewe. Mstari wa kwanza ni kitanzi. Unaiambia kompyuta: mchukue kila mtoto katika orodha hii, mmoja baada ya mwingine, na kwa kila mmoja fanya yaliyoandikwa chini yangu. Mstari wa pili unafungua faili, na herufi "w" inamaanisha lifunguliwe kwa kuandikwa upya. Faili likifunguliwa kwa herufi hiyo, yote yaliyokuwamo hufutwa papo hapo, kabla hata ya neno jipya kuandikwa. Kwa kuwa amri ya kufungua iliwekwa ndani ya kitanzi, faili lilifutwa mara tano. Mtoto wa kwanza aliandikwa akafutwa, wa pili akaandikwa akafutwa, hadi akabaki wa mwisho. Kompyuta haikukosea, ilitii kila neno ililoambiwa.

Marekebisho yalikuwa mawili. La kwanza ni kulifungua faili mara moja, kabla ya kitanzi kuanza. La pili ni kutumia herufi "a" badala ya "w", kwani "a" huacha yaliyopo na kuongeza mapya mwishoni. Ukirekebisha la kwanza tu, kosa linabaki. Ukifungua kabla ya kitanzi lakini kwa "w", watoto watano wataandikwa wote, na wale wa zamani bado watapotea.

Usiku ule binti alilia. Nasi tulijiwa na wazo la haraka. Mmoja wetu alisema tuwaandike watoto wote kuwa wamelipa, kisha pengo tulitoe mfukoni mwetu, na ustadhi asijue. Mwenzake akakataa: "Tutakuwa tumelijaza daftari, lakini kwa uongo. Na aliyelipa nusu tutamwandikaje?" Basi asubuhi, baada ya Swala ya Alfajiri, binti alikwenda na baba yake kwa ustadhi, akamwambia kwa kinywa chake mwenyewe: "Ustadhi, nimelifuta daftari." Ustadhi alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kaa, mwanangu. Tuanze na tunaowakumbuka."

Siku ya Ijumaa wazazi walitangaziwa. Waliolipa kwa simu, 19 kwa idadi, walionesha ujumbe wa malipo na shauri lao likaisha. Kati ya waliolipa taslimu, ustadhi aliwakumbuka saba. Waliobaki watano, neno lao lilipokelewa. Mmoja wa hao watano alikuwa mama mjane aliyelipa kwa mafungu mawili ya shilingi 2,500, na la pili halikukumbukwa na yeyote. Tulimsadiki, wala hakuna aliyembishia. Hata hivyo alisimama mlangoni pa madrasa akieleza mbele ya watu siku aliyokuja, saa aliyokuja na nguo aliyovaa, jambo ambalo daftari lilipaswa kulieleza kwa niaba yake. Binti yetu alikuwapo akisikiliza. Tangu siku ile hatukuhitaji kumfafanulia tena kwamba faili ni amana, na kwamba mstari mmoja ndani yake ni heshima ya mtu.

Baada ya hapo tulimpangia mazoezi. Tunayaweka hapa kwa ajili ya watoto wa wasomaji wetu. Asiye na kompyuta anaweza kuyafanya kwa simu ya Android, kwani zipo programu zinazoendesha Python humo.

Zoezi la kwanza ni kuhesabu. Mtoto aandike programu ya kuhesabu tasbihi 33. Wengi huandika hivi:

for namba in range(33):
    print(namba)

Mizunguko ni 33 kweli, lakini namba zitakazotokea zinaanza na sufuri na kuishia 32, maana Python huanza kuhesabu kwenye sufuri na huishia kabla ya namba iliyotajwa. Anayetaka kuona 1 hadi 33 ataandika range(1, 34). Kosa la kupitiliza au kupungukiwa kwa moja ni la kale katika kazi hii, na hata mafundi wazoefu huanguka humo.

Kisha aandike kazi hiyohiyo kwa kitanzi cha aina ya pili, kile kinachoendelea maadamu sharti fulani ni kweli:

namba = 1
while namba <= 33:
    print(namba)
    namba = namba + 1

Sasa aufute mstari wa mwisho kwa makusudi na kuiendesha programu. Moja itaandikwa bila kikomo, kwa sababu hakuna kinachoisogeza namba kuelekea mwisho wake. Kwenye kompyuta, ataisimamisha kwa kubonyeza vitufe vya Ctrl na C kwa pamoja. Ni vizuri mtoto aione hali hiyo akiwa na mzazi pembeni, ili siku itakapomtokea bila kutarajia asihamaki.

Zoezi la pili ni kusoma. Atengeneze faili lenye majina matano ya kubuni na kiasi mbele ya kila jina, kisha atafute jumla:

jumla = 0
with open("mazoezi.txt") as daftari:
    for mstari in daftari:
        jina, kiasi = mstari.strip().split(",")
        jumla = jumla + int(kiasi)
print(jumla)

Hapa kuna jambo la kumweleza mtoto taratibu. Kompyuta inaposoma faili, kila kitu kwake ni maandishi, hata tarakimu. Maandishi "5000" yakiongezwa maandishi "5000" hayatoi elfu kumi, bali huungana na kuwa 50005000. Neno int ndilo linaloyageuza maandishi kuwa namba inayoweza kujumlishwa. Ajaribu pia kuacha mstari mtupu katikati ya faili aone programu ikisimama na kutoa taarifa ya kosa, kisha atafute namna ya kuuruka mstari huo.

Zoezi la tatu ni kuandika. Aandike majina ya matunda matano katika faili la majaribio, kwanza kwa "w", kisha kwa "a", na aiendeshe kila programu mara tatu. Ya kwanza itaacha matunda matano, na ya pili itaongeza mengine kumi na matano. Halafu ajaribu herufi "x", ambayo hukataa kuandika iwapo faili la jina hilo lipo tayari. Huyo ni mlinzi mwema, na wanafunzi wengi hawamjui.

Wazazi wenzetu msidhani mambo haya ni ya kigeni katika historia yetu. Neno algorithimu, linalotaja hatua zilizopangwa za kutatua hesabu, limetokana na jina la Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, mwanazuoni aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9. Kitabu chake cha al-jabr kina sehemu ndefu inayohusu hesabu za mirathi, yaani namna ya kumpa kila mwenye haki fungu lake. Tangu zamani hesabu sahihi na haki ya mtu vimekwenda pamoja.

Mzazi asiyejua programu anaweza kumsaidia mwanawe kwa maswali matatu. Kitanzi hiki kitasimama lini? Faili hili, unaliandika upya au unaliongeza? Na nakala iko wapi? Mtoto akiweza kuyajibu kwa maneno yake mwenyewe, fahamuni kuwa anasoma. Akisitasita, bado ana la kujifunza, na hajachelewa.

Madrasani, daftari la karatasi limerudi mezani. Ustadhi huandika kwanza kwa kalamu, na binti huingiza kwenye kompyuta kila Alhamisi. Kabla ya kuendesha programu yoyote hutengeneza nakala ya faili yenye tarehe ya siku hiyo, na programu mpya huijaribu kwanza kwenye majina ya kubuni. Mwisho wa mwezi hulinganisha jumla ya kompyuta na ya karatasi mbele ya ustadhi. Mwezi uliopita zilitofautiana kwa shilingi 2,500. Walipotafuta, waliona kwamba safari hii aliyekosea ni kalamu, na fungu lililokosekana kwenye karatasi lilikuwa la mama yuleyule. Binti alikwenda nyumbani kwake kumwambia kwamba mara hii ameandikwa.

Tukutane juma lijalo, inshaallah.